Homa ya Seli Moja

Ilianza siku ya Jumatano, saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku mbili baada ya mimi kumaliza mtihani wa kidato cha nne. Nina uhakika na saa kwa sababu niliiandika. Wakati ule nilikuwa na daftari la jalada la bluu, na humo niliandika kila kitu: nani kapita njiani, tumekula nini, nani kasema nini akidhani sisikii. Niliandika kwa sababu kusema kulinishinda. Siku hiyo niliandika hivi: "Saa 9:20. Gari la mizigo limekwama kwenye kona ya migomba. Shangazi Aisia amerudi. Mkono mmoja ana sanduku la nguo, mwingine amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Bibi ameliangalia boksi kwanza, kisha akamwangalia yeye usoni, akasema: 'Umekonda.'"

Daftari hilo nimelitoa kabatini wiki iliyopita, baada ya kumzika Bibi. Sasa nina miaka kumi na tisa, na najua wapo watakaosema mtu wa umri huu hana kumbukumbu za kuandika, ana habari tu. Lakini siku ya mazishi kulitokea jambo ambalo watu walilitafsiri vibaya, na ningependa lieleweke. Kina mama walikuwa wanapika nyuma ya nyumba, sufuria kubwa tatu za mtori wa ndizi, na mvuke wake ulipotufikia mimi na Shangazi Aisia tukiwa tumesimama karibu na kaburi, tuliangaliana mara moja tu, tukaanza kucheka. Tulijaribu kuzuia, ikawa mbaya zaidi. Ilibidi tukimbilie nyuma ya zizi, kwaya ikiwa bado inaimba, na huko tukacheka mpaka tukalia, na tukalia mpaka tukanyamaza. Nilisikia mama mmoja akisema, "Hawa wana nini? Mwenzao hata udongo haujakauka." Hatukuwa na dharau. Tulikuwa tumekumbuka jambo ambalo hapa kijijini sisi wawili na Bibi tu ndio tuliolijua, na sasa tumebaki wawili.

Shangazi alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita alipokuja na boksi lile. Alikuwa amesoma fizikia nje kwa muda mrefu, amerudi kufundisha chuoni Moshi mjini, lakini siku tatu za wiki alipanda nyumbani Machame kufanya kazi yake mwenyewe, na kazi hiyo aliiweka kwenye ghala la zamani la kahawa lililo chini ya nyumba ya Bibi. Alilichagua kwa sababu ya kuta. Ni kuta za mawe, nene kama urefu wa mkono wangu, na ndani yake jua likiwaka au mvua ikinyesha joto halibadiliki sana. Tulitoa magunia yaliyooza, tukafagia maganda ya kahawa ya miaka mingi, tukaziba dirisha kwa kitambaa cheusi. Harufu haikutoka. Hata leo nikinusa gunia la katani naona mwanga wa kijani. Katikati ya ghala aliweka bamba la chuma, zito kiasi kwamba lilibebwa na wanaume wanne, na chini yake akapanga mipira ya ndani ya pikipiki iliyojazwa upepo kidogo ili bamba lisitikisike gari likipita barabarani. Juu ya bamba kukawa na hadubini, taa ya leza, nyaya, na kioo chembamba cha ukubwa wa stempu. Meza ya pili, ya mbao, ilijaa kompyuta na betri mpaka hapakuwa na mahali pa kuweka hata kalamu.

Mimi nilikuwa nasubiri matokeo, sina shule, sina kazi. Shangazi aliniambia siku ya kwanza, "Anande, wewe unaandika vizuri na huongei ovyo. Njoo uniandikie namba." Nilifurahi. Nilikubali kwa kichwa, nikaenda kuchukua kalamu.

Nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo mengine hayana maana. Ndani ya boksi lile kulikuwa na kichupa chenye maji yaliyofifia kidogo, kama maji ya kuoshea mchele mara ya tatu. Ule ukungu ulikuwa almasi. Si za pete. Ni vumbi la almasi, chembe ndogo kiasi kwamba maelfu yake yangepanda juu ya unywele mmoja na unywele usijue. Shangazi alinieleza hivi: almasi ni kaboni tupu, imejipanga kama meno, lakini hizi zimetengenezwa na kasoro. Mahali pamoja kaboni moja imetolewa na nitrojeni imekaa, na jirani yake pameachwa pengo, kama jino lililong'oka. Ukilimulika pengo lile kwa mwanga wa kijani, linarudisha mwanga mwekundu. Sasa ukipitisha pembeni yake mawimbi kama ya redio, na ukawa unazungusha kama mtu anayetafuta stesheni, ukifika mahali fulani ule wekundu unafifia. Kwenye grafu inaonekana kama bonde. Chembe ikipata joto, bonde linasogea kushoto. Ikipoa, linarudi kulia. Basi. Ni kipimajoto, ila ni kipimajoto kinachoweza kumezwa na seli moja ya damu.

Na hilo ndilo alilotaka. Ng'ombe akiugua kiwele, maziwa yake yanajaa seli nyeupe, askari wa mwili, ambazo kazi yao ni kumeza kila kitu kigeni. Ukizipa vumbi la almasi zinalimeza zikidhani ni vijidudu. Shangazi alitaka kujua: mwili ukiwa vitani, tunasema una homa. Je, askari mmoja mmoja naye ana homa? Seli moja, peke yake, ni ya moto kuliko maji yaliyoizunguka? Kama ni kweli, alisema, siku moja tungejua ng'ombe anaumwa kabla kiwele hakijavimba, kwa tone moja la maziwa. Aliposema "siku moja" alikuwa anaangalia ukuta kana kwamba pana mlango pale.

Kila siku ya kazi ilienda hivi. Saa kumi na mbili asubuhi nilipita kwa majirani kuchukua maziwa ya ng'ombe mwenye tatizo. Saa tatu Shangazi alikuwa ameshazitenga seli na kuziwekea almasi kwenye kioo. Seli zinahitaji saa mbili hivi kumeza, kwa hiyo wakati zikimeza, tulipima almasi zilizobaki nje, zile zilizokaa kwenye kioo bila kuguswa. Mimi niliandika safu ya "Nje". Mchana tulipumzika kidogo. Baada ya hapo tulipima zilizomezwa, nikaandika safu ya "Ndani". Shangazi alikuwa anasema namba gizani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali peke yake, na mimi niliandika kwa kitochi kidogo nilichokiuma kwa meno.

Ng'ombe wa kwanza alikuwa wa Baba Eli, jirani ambaye msimu wa wageni hubeba mizigo mlimani na msimu usio wa wageni hubeba maneno. Yeye alinipa jina la Kimya. "Kimya, shikamoo hujui?" alikuwa ananiambia kabla sijafungua mdomo, halafu nikimwamkia anasema, "Marahaba, leo umeimaliza sauti yako yote, utaongea tena Jumapili." Alikuwa anakamua huku anazungumza na mkewe kana kwamba sipo. "Ng'ombe wangu anaenda kulishwa almasi, na mimi hapa nakula maharage." Mke wake alimjibu, "Basi nenda ukakae kwenye kioo, wakulishe." Na siku nyingine nilimsikia anamwambia mtu wa maziwa njiani: "Mimi nimefika juu kabisa mara nyingi sina hesabu, sijaokota hata kokoto inayong'aa. Huyu dada kakaa ghalani wiki mbili, tayari ana almasi. Elimu ni kitu kizuri, mbe, ndugu yangu."

Na Bibi. Nimejaribu kuandika sura hii nikimweka Bibi pembeni, nimeshindwa. Bibi alikuwa na neno moja kuhusu binti yake, nalo ni lile alilolisema siku ya kwanza: umekonda. Kwetu mtori ni chakula cha mzazi. Mwanamke akijifungua, ananyweshwa mtori asubuhi na jioni mpaka mashavu yarudi. Shangazi hakuwa amejifungua wala hakuwa ameolewa, na kijiji kilikuwa kimeshachoka kuuliza. Lakini Bibi aliamua kwamba mtu aliyekaa nje miaka mingi akila mikate anarudi katika hali ile ile ya mzazi, na tiba ni ile ile. Kila siku ya kazi, alfajiri, alimenya ndizi mshare, akachemsha na nyama ya mifupa mpaka ndizi zikayeyuka, akaponda, akatia siagi aliyoisukasuka mwenyewe. Saa sita na nusu mimi nilishuka na sufuria ghalani, ya moto kiasi cha kunilazimu kuishika kwa majani ya mgomba.

Mwanzoni kulikuwa na karatasi mlangoni, mwandiko wa Shangazi: "Chakula Hakiruhusiwi Humu." Bibi aliisoma mara moja, taratibu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. "Hiyo ni ya wageni," akasema, akapita. Shangazi alimwambia, "Mama, nitakuja kula nyumbani." Bibi akajibu, "Ulisema hivyo juzi. Jana ulisema hivyo. Chakula kilikungoja mpaka kikawa gundi." Ni kweli. Shangazi akiangalia ile taa nyekundu alikuwa anasahau ana tumbo. Hivyo ikakubalika kwamba mtori utakuja wenyewe. Sasa, uuweke wapi? Meza ya mbao imejaa. Chini haiwezekani, Bibi hakulea mtu wa kuweka chakula chini. Siku ya kwanza nilisimama na sufuria mikononi, vidole vinaungua, na Shangazi, jicho likiwa kwenye hadubini, akasema, "Weka hapo pembeni, mwanangu." Nikaiweka kwenye kona ya bamba la chuma. Ikawa ndiyo sehemu yake.

Mwezi wa pili Shangazi alinishika mabega yote mawili. Alikuwa amechora grafu ya wiki sita. Almasi za ndani ya seli zilikuwa na joto zaidi kuliko za nje, karibu nusu nyuzi, siku baada ya siku. "Anande, wana homa," akasema. "Wadogo vile, na wana homa." Alicheza. Sijawahi kuona mtu mzima akicheza bila muziki, kwenye giza, akijaribu kutogusa bamba. Matokeo yangu ya mtihani yalikuwa yametoka wiki ile ile, nimefaulu, naenda kidato cha tano mwezi wa saba, na nikawaza kwamba hakuna nyumba nyingine Machame yenye furaha kama yetu.

Hadubini na leza havikuwa vyetu. Viliazimwa kwa Profesa aliyemfundisha Shangazi huko nje, mpaka mwezi wa sita, na makubaliano yalikuwa kwamba kazi ikionyesha kitu cha kweli, vingekaa miaka miwili zaidi. Shangazi alimwandikia. Jibu lake nililisoma kwa sababu alinisomea, akitafsiri huku anatembea. Profesa alisema hongera, lakini ana wasiwasi. Kitu kidogo kiasi kile hakiwezi kushika joto. Chukua sufuria ya chai ya moto, itakaa moto nusu saa. Dondosha tone lake kwenye jani, limepoa kabla hujapepesa. Seli ni ndogo kuliko tone mara nyingi mno, na iko ndani ya maji. Joto lake lingekimbia papo hapo. Kwa hesabu, nusu nyuzi haiwezekani. Angalia tena vyombo vyako. Shangazi alibana simu kifuani. "Angalia vyombo vyako," akarudia. "Ningekuwa nimepima kwao asingesema vyombo. Anadhani nimekosea kwa sababu niko kwenye ghala la kahawa."

Siwezi kueleza jinsi nilivyomwamini. Nilimchukia yule Profesa wiki nzima.

Karibu na Pasaka dada yake Bibi aliugua kule Njoro, na Bibi akashuka mjini kumuuguza. Alikaa siku tano, tatu kati ya hizo zikiwa siku za kazi. Akatuachia maharage, na maharage tulikula nyumbani, jikoni, kwa sababu nilikataa kubeba chungu kinachovuja. Siku zile tatu homa ikapotea. Ndani na nje, sawasawa. Shangazi alilaumu maziwa, akabadilisha ng'ombe, akalaumu mvua. Bibi akarudi, mtori ukarudi, na homa ikarudi siku ile ile. "Unaona?" Shangazi akasema. "Yalikuwa maziwa." Mimi nilikuwa nimeanza kuwaza mtori.

Jioni ile nilikaa kitandani na madaftari mawili. Moja la Shangazi, la namba. Moja langu, la upuuzi, ambamo kila siku nilikuwa nimeandika tumekula nini na wapi. Niliyaweka ubavu kwa ubavu. Siku ya harusi ya mtoto wa Baba Eli, tulikula huko: hakuna homa. Siku kuni zililoa na mtori ukachelewa mpaka saa tisa: homa imeanza saa tisa na nusu. Na safu ya "Nje" tuliijaza kila siku asubuhi, kabla sufuria haijafika. Niliandika orodha, nikaifuta, nikaiandika tena nikitumaini itatoka tofauti. Siku ya kazi iliyofuata nilijikwaa makusudi njiani, nikamwaga nusu ya mtori, nikaingia na sufuria karibu tupu, nikaishikilia mapajani. Shangazi akasema namba za ndani. Zilikuwa sawa na za nje. Alikunja uso, akaandika pembeni: "seli dhaifu?"

Siku sita nilijua na sikusema. Niwe mkweli, maana hii ndiyo sababu ya kuandika: nilinyamaza kwa woga, si kwa heshima, ingawa niliuita heshima. Shangazi alikuwa anaandika ripoti ya kumjibu Profesa. Angeituma Ijumaa. Niliyasikia maneno yake usiku na mchana, akijisomea kwa sauti, sentensi za mtu anayejitetea, na kila sentensi ilikuwa imesimama juu ya sufuria. Akituma, atatuma uongo bila kujua, na yule Profesa siku moja ataujua. Akijua mimi ninalojua, mashine zitaondoka mwezi wa sita na yeye ndiye atakayezifunga kwenye boksi. Na nani amwambie? Mtoto wa kidato cha nne amwambie daktari wa fizikia kwamba miezi yote ile amepima mtori?

Alhamisi asubuhi nilienda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, nikakata jani la isale. Kwetu mtu aliyekosa akishindwa kusema hubeba jani hilo, amelifunga fundo, akampelekea aliyemkosea, na huyo hana ruhusa ya kumfukuza. Mimi sikuwahi kulibeba. Niliingia ghalani nalo mkononi, na madaftari mawili kwapani, nikasimama.

Shangazi aliwasha taa. Aliliangalia jani. "Hili ni la mtu aliyekosa," akasema. "Wewe umekosa nini?"

Niliyafungua madaftari juu ya mapaja yake, nikaweka kidole kwenye siku ya harusi, nikakihamisha, siku ya kuni, nikakihamisha, siku za Njoro. Alikuwa anasoma haraka, akaanza kusoma taratibu. Halafu akageuka akaiangalia ile kona ya bamba. Pale palikuwa na duara, alama ya masizi ya sufuria, duara safi kabisa, kama mhuri.

Alitoka nje. Nilimwona kupitia mlango, amesimama kwenye mibuni, mgongo kwangu, mikono kiunoni. Alikaa pale muda mrefu kiasi kwamba kuku walianza kumzoea. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Kachemshe maji," akasema. "Sufuria ile ile."

Tulipima kutwa nzima, bila maziwa, bila seli, almasi tupu kwenye kioo. Sufuria juu ya bamba: baada ya dakika chache bonde linasogea kushoto. Sufuria chini, ndiyo, chini kabisa, sakafuni: bonde linarudi taratibu kulia. Juu, kushoto. Chini, kulia. Kipimajoto cha ukutani, kule mlangoni, hakikutikisika hata kidogo. Mara ya nne Shangazi alianza kucheka, kicheko kibaya mwanzoni, kisha kikawa chake. "Inafanya kazi," akasema. "Mungu wangu, inafanya kazi kama saa. Hakuna kipimajoto Tanzania nzima kilichopima mtori kwa usahihi huu." Kisha akaniuliza, bila ukali, "Umejua tangu lini?"

"Siku sita," nikasema. Ilitoka kama kikohozi.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utalia."

"Nimelia. Umeona nimekufa?" Alilichukua jani la isale, akafungua fundo, akalinyoosha kwa vidole na kunirudishia. "Hili kampelekee mtu mwingine siku utakayokosa. Hapa hujakosa. Hapa umeniletea data."

Aliandika kwa Profesa jioni ile ile, kabla ya giza, na hakuiremba. Alisema hakuna homa. Kulikuwa na sufuria ya chakula juu ya meza, na aliyegundua ni msaidizi wake. Aliandika jina langu. Nilimwomba alitoe, akakataa. Ili jambo hili lisibaki linaning'inia: jibu lilikuja baada ya wiki tatu, na halikuwa zuri wala baya. Mashine zilikaa mpaka Desemba badala ya mwezi wa sita, si miaka miwili. Nilikuwa shule ya bweni zilipoondoka. Lakini hayo yalikuwa mbele, na jioni ile hatukuyajua. Jioni ile kulikuwa na tatizo moja tu, nalo lilikuwa jikoni.

Tulienda wote wawili. Bibi alikuwa kwenye kigoda, anapepeta mahindi. Shangazi alichuchumaa mbele yake, kama msichana, akamweleza yote, almasi, bamba, sufuria. Bibi alisikiliza bila kusimamisha ungo. Alipomaliza, Bibi akasema, "Kwa hiyo mashine yenu imegundua kwamba mtori wangu ni wa moto."

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi ningewaambia. Bila mashine." Akapepeta mara mbili, tatu. Kisha ungo ukasimama. Sauti yake ikabadilika. "Aisia. Ina maana mimi ndiye niliyekuharibia kazi?"

Sikuwahi kumsikia Bibi akiuliza kitu kwa namna ile, kama mtu anayeogopa jibu. Shangazi alimshika magoti. "Hapana, mama. Kosa ni langu. Nilikuwa naona vidogo tu, sikuona sufuria."

Bibi alimwangalia, kisha akaniangalia mimi, kisha akaliangalia lile jani nililokuwa bado nimelishika bila kujua niliweke wapi. Alielewa zaidi ya tulivyomwambia. "Basi," akasema, "kuanzia sasa unakula hapa, kwenye kiti, kama watu. Ukichelewa namtuma huyu akuvute sikio." Shangazi akacheka, akavuta kigoda, akala. Tangu aje na boksi lake, miezi mitano, ilikuwa ni mara ya kwanza kumwona ameketi jikoni mwa mama yake baada ya chakula kuisha. Walizungumza Kimachame, haraka haraka, juu ya watu waliokufa kabla sijazaliwa. Niliandika kwenye daftari mambo mawili tu: "Bibi amemwambia amenenepa. Si kweli."

Asubuhi yake niliamka saa kumi na moja. Nikakata karatasi ya daftari vipande ishirini vya ukubwa mmoja, nikaandika "nje" kwenye kumi na "ndani" kwenye kumi, nikavikunja, nikavitia kwenye kikombe cha bati, kama kanisani tunapopangiana zamu za usafi ili asionekane mtu amependelea. Nilitaka kura, si saa ya chakula, ituchagulie cha kupima. Nikaenda kuchukua maziwa. Saa tano, seli zilipokuwa zimeshameza, Shangazi alinyoosha mkono kuelekeza hadubini kwenye almasi za nje, kama siku zote, nami nikasema, "Subiri, Shangazi." Alisubiri. Nikatikisa kikombe, nikatoa kipande kimoja, nikakifungua chini ya kitochi, nikakisoma kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Ndani."